Noti Kumi na Mbili Kando ya Ziwa

Nilikosea pa kukaa. Treni ya Geneva kwenda Montreux, huko Uswisi, inaambaa na ziwa karibu njia nzima, na ziwa liko mkono wa kulia. Mimi nikajichagulia dirisha la kushoto, nikatundika koti, nikafungua karanga zangu, na mpaka tunaingia Lausanne nilikuwa nimeona kuta za mawe, migongo ya nyumba na yadi za magari. Abiria wa ng'ambo ya pili walikuwa wanapiga picha tu. Lausanne watu wengi wakashuka, nikahama upesi. Hapo ndipo nikaliona ziwa, na milima ya Ufaransa ng'ambo yake, theluji imeshuka mpaka mabegani. Mashamba ya mizabibu ya Lavaux yanateremka kwa matuta hadi karibu na maji. Mtu wa Lushoto angeyaelewa mara moja, ila kule kila tuta limejengewa ukuta wa mawe.

Ilikuwa Novemba 2018. Nilikuwa Geneva kwa semina ya kazi ya siku tano, na Jumamosi ilikuwa yangu. Ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba unakwenda Montreux, wanaojua muziki wanakujibu neno moja: Freddie. Mtoto wa Unguja, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara na dunia ikamjua kama Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, amesimamishiwa sanamu pale mbele ya soko, mkono mmoja juu, uso umeelekea ziwani. Kila Mtanzania anayefika mji ule hupiga nayo picha, na mimi nilijua nitapiga.

Lakini sikufunga safari kwa ajili ya Freddie. Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, nina Yamaha yangu iliyokwisha vifungo viwili, na nilikuwa nakwenda kwa ajili ya mpiga kinanda mwenzangu, marehemu Jon Lord wa Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza.

Nieleze kidogo. Mpiga kinanda ni mtu wa ajabu katika bendi. Mwimbaji anapendwa, mpiga gitaa anaigwa, mpiga ngoma anaogopwa. Wa kinanda yuko pembeni, nusu ya mwili imefichwa na chombo chake. Mwaka fulani tulipiga kwenye harusi, waya wa kinanda changu ukachomoka katikati ya wimbo. Niliendelea kubonyeza nyimbo mbili nzima nikijua hakuna kinachotoka, kwa sababu niliona aibu kuinama mbele za watu kutafuta waya. Hakuna aliyeuliza. Baadaye mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, leo muziki ulikuwa mwepesi mwepesi, sijui kwa nini." Nilimpenda sana yule mama.

Jon Lord alizaliwa Leicester, Uingereza, Juni 1941. Baba yake alikuwa akipuliza saksafoni, na kijana akafundishwa piano ya kizungu kile cha kale, cha Bach na wenzake. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wanasheria, kisha akaenda London kusomea uigizaji. Usiku alikuwa akipiga kinanda kwenye vilabu kujipatia riziki, na riziki ikamzidi nguvu uigizaji. Alipita bendi ya The Artwoods, na mwaka 1968 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Deep Purple.

Chombo chake kilikuwa Hammond, aina ya C3. Hiki si kinanda cha kubeba begani. Ukijumlisha benchi na pedali za miguu kinakaribia kilo 200. Laurens Hammond alianza kuviuza mwaka 1935 huko Marekani, na wateja wake wengi walikuwa makanisa yasiyo na uwezo wa kununua ogani ya mabomba. Ndani hamna bomba hata moja. Kuna magurudumu madogo ya chuma 91 yanayozunguka mbele ya sumaku, kila moja na meno yake, na meno yakipita yanazalisha umeme unaogeuka kuwa sauti. Yaani ni mashine hasa, ina mota na inataka mafuta kama cherehani. Kwa kawaida sauti hiyo hupelekwa kwenye spika ya Leslie, kabati lenye tarumbeta inayozungushwa ndani, ndiyo maana inatetemeka vile.

Sasa shida ya Lord ilikuwa Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wao. Blackmore akifungua sauti, kinanda kinamezwa. Lord angeweza kununa, au kusogea nyuma kama sisi wengine. Akachukua Hammond yake, chombo cha kanisani, akaichomeka kwenye amplifaya za Marshall zilizotengenezwa kwa ajili ya magitaa. Sauti ikachanika, ikakwaruza, ikanguruma, na kuanzia hapo gitaa na kinanda vikawa vinagombana uso kwa uso. Sikiliza mwanzo wa "Lazy". Ile inayonguruma peke yake kabla wengine hawajaingia ni Hammond, na nimeshabishana na watu wazima na akili zao wanaoapa kuwa ni gitaa.

Nilishuka Montreux saa tano na nusu asubuhi. Baridi ilikuwa ile isiyo na upepo, inayopanda kupitia nyayo. Nilikuwa nimevaa viatu vya semina. Nikateremka mpaka njia ya wapita kwa miguu kando ya ziwa, nikageukia upande wa kasino.

Kasino iliyopo leo si ile. Ile iliungua tarehe 4 Desemba 1971. Deep Purple walikuwa wamefika mjini kurekodi albamu mpya. Walikuwa wamekodi studio inayotembea, lori la Rolling Stones lenye mitambo ndani, na mpango ulikuwa waingie ukumbi wa kasino mara tu onyesho la mwisho litakapokwisha. Onyesho hilo lilikuwa la Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani. Katikati, mpiga kinanda wa Zappa, Don Preston, akiwa anaingia kwenye solo yake, mtu mmoja kati ya watazamaji akafyatua bastola ya fataki kuelekea dari. Moto ukashika. (Mara moja katika maisha mpiga kinanda anapewa nafasi yake, ukumbi unaungua. Nilicheka peke yangu pale njiani, na bibi mmoja mwenye mbwa akanipisha.)

Hakuna aliyekufa. Claude Nobs, aliyeanzisha tamasha la jazi la Montreux mwaka 1967, alikuwa mmoja wa waliowavuta vijana nje. Jengo likateketea lote, na moshi ukatanda juu ya maji. Siku chache baadaye mpiga besi wa Deep Purple, Roger Glover, akaamka na maneno mdomoni: "Smoke on the Water", moshi juu ya maji.

Nilisimama pale nikilitazama ziwa. Kusema kweli nilikuwa nimejiandalia ukungu. Tangu Geneva nilikuwa nikiomba kuwe na ukungu, nipate picha ya maana. Hakukuwa na ukungu. Ziwa lilikuwa safi kama sinia la bati, na bata wawili wakigombania mkate.

Ndani ya kasino mpya nilipita kwenye jumba la kumbukumbu la Queen, maana humo ndimo ilimokuwa Mountain Studios, waliyoinunua mwaka 1979. Kuna mashairi yaliyoandikwa kwa mkono na mavazi ya jukwaani, na chumba chenyewe cha kurekodia ni kidogo kuliko nilivyodhani. Nilikaa humo dakika ishirini. Hata Queen walikuwa na mpiga kinanda wao wa pembeni, Spike Edney, aliyeanza kuzunguka nao mwaka 1984, kwa sababu Freddie, ingawa alipiga piano vizuri mno, hangeweza kukaa kwenye kiti na papo hapo kukimbia jukwaa zima. Waulize mashabiki kumi jina la Edney, utapata wawili.

Deep Purple baada ya moto wakahamia ukumbi mwingine mjini, majirani wakalalamikia kelele, polisi wakaja, wakafukuzwa. Mwishowe wakapata Grand Hotel, ambayo ilikuwa imefungwa msimu wa baridi. Wakapanga vyombo kwenye korido, wakazuia mwangwi kwa magodoro. Lori la mitambo lilikuwa nje, na kulifikia kulikuwa kupita chumba hadi chumba, kutokea roshani, kurudi ndani tena. Walichoka hiyo safari mpaka wakaacha kwenda kusikiliza walichorekodi; wakipiga vizuri wanajua, wanaendelea. Ndivyo ilivyozaliwa "Machine Head", albamu iliyotoka 1972. Mimi nimerekodi na kwaya kwenye darasa la shule, mablanketi yametundikwa madirishani, mtu amesimama mlangoni kuzuia kuku. Niliposoma habari ya magodoro yale mara ya kwanza nilijiona ndugu yao.

Sanamu ya Freddie nikaikuta imezungukwa. Ni kazi ya Irena Sedlecka, ilizinduliwa mwaka 1996, inakaribia mita tatu. Miguuni pana maua, mishumaa, barua. Familia moja ilikuwa inapangwa kwa picha, nami nikasubiri zamu yangu, nikapiga, nikampa salamu za Shangani kimoyomoyo.

Jirani na hapo pana kumbukumbu nyingine, na siku ile haikuwa na foleni. Ina jina la Deep Purple, jina la wimbo, na noti za kile kipande cha mwanzo ambacho kila anayejifunza gitaa duniani huanza nacho. Noti zimeandikwa pale, nje, ziwani. Nikatoa kidaftari nikaanza kuzigeuza kuwa sol-fa kama tunavyofanya kwenye mazoezi ya Alhamisi, maana ndivyo nilivyofundishwa kusoma: la do re, la do ri re, la do re, do la. Noti kumi na mbili. Vidole vilikuwa vimeganda, "ri" niliiandika mara mbili.

Sikiliza wimbo wenyewe utajua kwa nini nilisimama muda mrefu. Gitaa linaanza peke yake. Kisha yanaingia matoazi, na pamoja nayo, chini ya gitaa, inaingia Hammond ikipiga kitu kilekile, imechanika vilevile, mpaka huwezi kuvitenganisha. Uzito ule unaousikia kifuani si wa Blackmore peke yake. Mwaka 1973 wimbo ulifika namba 4 Marekani, na hadi leo watu wanauita wimbo wa gitaa.

Kuna habari nyingine ya Lord niipendayo zaidi. Mwaka 1969 Lord aliandika tungo ya bendi na okestra, ikapigwa Royal Albert Hall pamoja na Royal Philharmonic, Malcolm Arnold akiongoza. Mwaka uliofuata karatasi za noti zikapotea. Zilikaa hivyo karibu miaka thelathini, mpaka kijana wa Kiholanzi, Marco de Goeij, alipoziandika upya kwa kusikiliza rekodi na kutazama video, chombo kimoja kimoja. Lord akazipitia naye, na 1999 ikapigwa tena katika ukumbi uleule. Kama umewahi kukaa usiku na kaseti, kalamu na kitufe cha kurudisha nyuma ukitafuta sauti ya tatu ya wimbo mmoja tu, utajua kijana yule alifanya nini.

Lord alijitoa Deep Purple mwaka 2002 ili aandike muziki wake. Saratani ya kongosho ilimpata, na alifariki London tarehe 16 Julai 2012.

Nikapiga picha ya kidaftari changu, nikamtumia mwalimu wetu wa kwaya. "Shikamoo Mwalimu. Niko Uswisi, nimekuta hii imeandikwa kando ya ziwa." Nikaenda kutafuta kahawa. Bei yake sitaisema, mke wangu anasoma.

Jibu likaja kwa sauti. "Marahaba kijana. Noti ya sita umekosea, hapo ni re." Kisha akauimba wote, polepole, kwa sauti ya besi, kama tenzi ya maziko, na alipofika kwenye "ri" aliisahihisha. Nyuma yake nilisikia jogoo. Akamaliza, akakohoa, akauliza: "Ni ya sauti ngapi hii?"

Nikamwandikia: mbili, gitaa na kinanda, zinaimba kitu kimoja.