Mgeni kaandika mara tatu

Jana baada ya alasiri nilikuwa nimekaa dakani na laptopu yangu kuukuu, ami akaja na simu mkononi. "Huyu mgeni wa Ujerumani asema kaandika mara tatu. Wewe kila siku waniambia hakuna kitu. Haya, nimsadiki nani?"

Ami ana nyumba ya wageni hapa Langoni, Lamu, na mimi ndiye mshika barua pepe wake. Natumia Mutt, programu ya kusomea barua pepe, ya maandishi matupu, kwa sababu intaneti ikizorota jioni yenyewe haijali. Fetchmail huvuta barua kutoka seva ya mbali, huikabidhi Postfix, mgawaji wa barua humu humu kwenye mashine, nami husoma kwa Mutt.

Nikafungua mbele yake. Barua ya mwisho ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Nikaendesha Fetchmail: ikasema imesoma barua moja, imeipeleka, na kule seva imekwisha kuifuta. Hapo jasho likanitoka. Kule haipo tena, na huku siioni. Na zile za wiki mbili je?

Nilipoteza saa nzima nikibadilisha nywila, kazi bure, maana nywila ingekuwa mbovu Fetchmail isingeleta hata herufi. Mwisho nikasoma kumbukumbu za Postfix. Kila mstari wa barua iliyofikishwa uliishia hivi: delivered to maildir, yaani imetiwa katika maildir. Siku za nyuma ulikuwa ukisema mailbox.

Nikaorodhesha ~/Maildir/new, folda ya barua mpya. Majina marefu yakateremka mpaka chini ya skrini, kila moja likianza na tarakimu kumi, ambazo ni sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970, na kumalizikia kwa jina la mashine yangu. Barua zote zilikuwamo, hata moja haijaguswa.

Mkosaji ni mimi. Wiki mbili nyuma nilimwandikia Postfix home_mailbox = Maildir/, na ule mkwaju (/) wa mwisho ndio unaomwambia kila barua iwe faili yake, badala ya zote kurundikwa katika faili moja. Mutt sikumwambia kitu. Akaendelea kufuata $MAIL, yaani pahali pa zamani pa barua, /var/mail, kama mtoto anayetumwa na sahani ya futari Mkomani ilhali wenye nyumba walishahama.

Dawa yake mistari mitatu katika .muttrc, faili la mipangilio ya Mutt:

set mbox_type=Maildir
set folder=~/Maildir
set spoolfile=~/Maildir

Za zamani nilizifungua kwa mutt -f na njia ya faili lile la /var/mail, nikazitia alama zote kwa T na ~A, kisha ;s kuzihamishia kwenye makao mapya.

Za Mjerumani zilikuwa tatu kweli. Ya kwanza yauliza kama chumba cha juu kina chandarua. Ya pili yauliza tena, kwa adabu. Ya tatu yasema amepata pahali Shela, ahsante.

Ami alinyamaza kidogo. "Mjibu kinacho," akasema, akaenda zake msikitini.