Mazoezi yangu ya gitaa la klasiki hapa Mikindani

Ninapofanya mazoezi sipigi wimbo mzima. Wimbo mzima ni wa jioni, watu wakikaa barazani. Alfajiri, kabla sijafungua duka, nachukua baa mbili tu, yaani vipande viwili vifupi vya nota, vile vinavyonigomea, na sitoki hapo mpaka dakika 20 ziishe. Jirani yangu, mama mtu mzima, alivumilia weee, mwisho akaniuliza kupitia dirishani: "Mwanangu, hiyo nyimbo yako mbona haifiki mwisho?"

"Itafika, mama. Shikamoo."

Metronomu, kile kigonga mapigo cha kushika mwendo, ninayo kwenye simu, ya bure. Naiweka mapigo 50 kwa dakika, polepole mpaka mtu anasinzia. Nikipita mara tatu mfululizo salama, naongeza mapigo manne. Vidole vikijikwaa, nashuka. Sina haraka, maana kidole kikikosea mara nyingi nacho kinajifunza kukosea, na kukifutia somo hilo ni kazi kuliko kukifundisha jipya.

Mkono wa kulia ndio ulionisumbua zaidi. Sisi tuliotokea kwaya tumezoea kukwangua nyuzi zote kwa pamoja, wakati klasiki kila kidole kina uzi wake: gumba kwenye besi, zile nyuzi nene, shahada, kati na pete kwenye nyuzi nyembamba. Dawa niliipata kwa Mwitaliano Mauro Giuliani, aliyechapisha mazoezi 120 ya mkono huo mwaka 1812. Yote yanazunguka kodi mbili tu (kodi ni nota kadhaa za kwenda pamoja), C na G7, hivyo mkono wa kushoto karibu unalala na akili yote inahamia kulia. Hakimiliki yake imekwisha zamani, nota unazipakua bure. Nakaa na zoezi moja mpaka sauti za vidole zilingane. Cha pete ndicho kivivu, kwa hiyo najirekodi kwa simu. Sikio linalosikiliza baadaye halina huruma kama lile linalosikiliza huku mikono ina kazi.

Kucha za kulia naziacha zipite kidogo tu ncha ya kidole, kisha nazilainisha kwa msasa laini wa fundi seremala. Ndefu zaidi ya hapo, katoni za sabuni dukani zinazivunja.

Na joto letu hili! Nyuzi za nailoni hushuka sauti kukiwa na joto, hivyo natyuni kabla ya kuanza na tena katikati. Nikimaliza nazifuta kwa kitambaa kikavu, maana jasho na upepo wa bahari huzifanya besi ziwe nyeusi na bubu mapema.

Shida kubwa ni Oktoba, korosho zikianza. Nyumbani kila mkono unahitajika, na mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Ncha za vidole vya kushoto zikibabuka, hakuna gitaa. Basi natembea na karatasi ya nota mfukoni. Chini ya mkorosho nasoma baa moja, nafumba macho, nataja kila kidole kinakwenda freti (kile kipande kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya ngapi, uzi upi, huku sauti ya besi naiimba kwa mdomo. Sehemu ya pili ya Lágrima, kipande cha gitaa cha Mhispania Francisco Tárrega, pale inapohamia E maina, ufunguo wenye sauti ya huzuni, niliihifadhi hivyo hivyo shambani.

Msimu ukiisha nafunga nyuzi mpya. Hizo hunyumbuka kwa siku kadhaa kabla hazijatulia, kwa hiyo siku hizo ni za Giuliani peke yake.