Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku

Mtoto mwenye mgongo wazi na kichwa kikubwa hana daktari mmoja. Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, anaweza kuwa na anayeangalia shanti (ule mpira unaotoa maji kichwani kwenda tumboni), wa mkojo, wa mifupa, wa mazoezi ya viungo na, degedege likijirudia, wa kifafa. Wote wanaandika kwenye faili. Lakini homa haisubiri tarehe ya kliniki. Inamkamata usiku huko Rombo au Same, faili limelala Moshi, na tabibu wa zahanati ndiyo kwanza anamuona. Kiungo hapo ni mzazi na kaunta buku yake.

Historia ya mimba ipeleke kurasa za nyuma. Ukurasa wa kwanza uwe wa kusomwa kwa dakika moja na mtu mwenye foleni: magonjwa, operesheni na tarehe zake, shanti iko upande gani, uzito wa mwisho na siku aliyopimwa. Andika pia kwamba asishikwe kwa glavu za lateksi, maana watoto wa mgongo wazi hupata mzio wake kirahisi.

Penye balaa ni dawa. "Kijiko kimoja kutwa mara mbili" si maelezo. Kabamazepini (dawa ya kifafa) ya maji huwa na mg 100 katika kila ml 5, na kidonge kilichozoeleka ni mg 200. Ya maji ikiisha, duka likatoa vidonge, mama akaendelea na "kimoja kimoja", dozi imeshakuwa mara mbili. Alitakiwa kupewa nusu. Kijiko cha nyumbani nacho kiachie sukari; pimia kwa bomba la sindano, sindano yenyewe ikiwa imetolewa.

Kisha anakohoa, anaandikiwa erithromaisini (antibiotiki) na mtu asiyejua kuna kifafa. Dawa hiyo hulizuia ini kuivunja kabamazepini, inarundikana kwenye damu, mtoto anayumba, anasinzia, anatapika. Kusinzia na kutapika ni dalili za shanti iliyoziba vilevile. Na za malaria! Kipimo kikionyesha malaria, haina maana kwamba shanti ni nzima. Vyote viwili vinaweza kuwapo. Usikatishe dawa ya kifafa ghafla, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba akiwa amekaa na halii, au macho yanayozama chini, yanaelekeza kwenye shanti. Kama kichwa kimeongezeka, daftari ndilo litakalosema, ikiwa kimepimwa kila wiki kwa tepi ile ile, juu ya nyusi na pale kisogo kinapotokeza zaidi. Pima mara tatu, andika namba kubwa. Tepi ya fundi cherehani iliyochakaa imeshavutika, itasoma pungufu.

Kuhusu tarehe, mwombe muuguzi akuwekee kliniki mbili siku moja ukiwa bado mbele yake, kadi zote mkononi. Ukishatoka getini, nauli ya Same inahesabiwa mara mbili.