Gari yangu ina undugu na baiskeli

Ukiwa na gari ya Kia hapa Tabora jiandae na maswali. La kwanza ni la uwanja wa ndege, maana Mtanzania ukimtajia KIA akili yake inaenda Kilimanjaro moja kwa moja, mimi niliwahi kumwambia shemeji kwenye simu "nakuja na Kia" akaniuliza natua saa ngapi na nani atanipokea. La pili ndio linalonichosha, "sasa spea zake unapata wapi?" Na la tatu wala sio swali, ni pole. Watu wananipa pole kama nimefiwa, kisa sijanunua Toyota.

Juzi nilipaki pale Ng'ambo, kuna mzee huwa nanunua kwake asali ya Sikonge, anaizungusha mtaani na baiskeli yake Phoenix, madumu mawili nyuma na moja kwenye hendo. Shikamoo mzee, marahaba kijana, akaizunguka gari akaniuliza hii ni ya wapi. Nikamwambia ya Korea, na walioitengeneza walianza na baiskeli kama hiyo yako. Akacheka sana, hakuamini. Nikaona kama hata yeye aliyekaa na baiskeli miaka yote hii hajui basi ngoja niandike, maana hii stori naipenda kuliko hata gari yenyewe.

Iko hivi. Kuna Mkorea anaitwa Kim Chul-ho, alikwenda Japani akafanya kazi za kiwandani Osaka, akarudi kwao na mwaka 1944 akaanzisha karakana ya mabomba ya chuma na vipuri vya baiskeli. Korea yenyewe wakati huo iko chini ya Wajapani. Vita ya Korea ikaanza 1950, wakakimbilia Busan kule kusini, na huko huko ukimbizini mwaka 1952 wakatoa baiskeli ya kwanza kutengenezwa Korea. Wakaiita Samchully, maana yake ri elfu tatu. Ri ni kipimo chao cha zamani, moja ni kama mita 400 hivi, na Wakorea wakisema ri elfu tatu wanamaanisha nchi yao yote kuanzia juu mpaka chini. Nikapiga hesabu, ni kama kilomita 1,200, halafu nikacheka peke yangu kwa sababu reli ya kati kutoka Dar mpaka Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Yaani ni kama mtu wa Isevya atengeneze baiskeli aipe jina "Dar mpaka Kigoma". Ningeinunua siku hiyo hiyo.

Mwaka huo huo 1952 ndio kampuni ikachukua jina la Kia, tafsiri yake ni kama kuinuka kutoka Asia. Baadaye wakatengeneza pikipiki kwa leseni ya Honda, halafu 1962 wakatoa kigari cha mizigo cha tairi tatu kinaitwa K-360, leseni ya Mazda hiyo, na ukiona picha yake utasema ni guta limefungwa kichwa. Wakaenda kwenye malori ya tairi nne, 1973 wakamaliza kiwanda kikubwa Sohari, na 1974 ikatoka gari yao ndogo ya kwanza, Brisa, ndani bado ni Mazda. Mzee Kim alifariki hiyo 1973, Brisa hakuiona barabarani.

Baiskeli, pikipiki, guta, kilori, gari. Simama stendi asubuhi utaviona vyote vinapita kwa mpangilio huo huo, tofauti ni kwamba sisi vyote tumevinunua. Ikiharibika baiskeli Tabora kuna fundi kila kona anakunja rimu, anachomelea fremu, anatengeneza kerea ya kubeba gunia mbili za mkaa, ufundi upo na sio wa kubahatisha, ila kutoka kwenye kuchomelea fremu mpaka kutengeneza fremu nzima pale katikati kuna kitu hatukukifanya. Sitaki kuingia huko leo nitagombana na watu.

Sasa sehemu ninayoipenda kabisa. 1981 serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan iliamua kampuni za magari zimekuwa nyingi, ikagawa kazi kama mwalimu anavyogawa zamu za kufagia, Kia ikaambiwa wewe acha magari madogo, baki na malori na vibasi. Hapo kampuni ilikuwa na madeni mpaka shingoni, watu wakajua imekwisha. Unajua kilichowaokoa? Bongo. Nakwambia ukweli, kibasi na kirikuu chao kinaitwa Bongo, jina wamelitoa Mazda, kikauzika mpaka Wakorea wenyewe wanaita muujiza wa Bongo. Na mpaka leo Kia Bongo inatengenezwa. Kwa hiyo Mbongo anayenicheka kwa kuendesha Kia ajue kuna deni la heshima hapo.

Baada ya kuruhusiwa tena kutengeneza magari madogo wakatoa Pride, kigari kidogo kilichochorwa na Mazda ambacho Marekani Ford walikiuza kwa jina la Festiva, na Wairani walikipenda wakakitengeneza kwao mpaka 2020. Lakini 1997 uchumi wa Asia ulipoyumba Kia ikafilisika kweli kweli, ikapigwa mnada, Ford naye alikuwepo akitaka, Hyundai akashinda 1998 akachukua asilimia 51. Siku hizi hisa zake zimeshuka mpaka theluthi moja hivi ila bado ndio kaka mkubwa. Halafu 2006 wakamchukua Mjerumani Peter Schreyer, yule aliyechora Audi TT, akawapa ile sura ya mbele wanaita pua ya chui milia. Nembo mpya ya 2021 watu kibao wanaisoma KN, hilo sio kosa letu.

Yangu mimi ni Sorento ya zamani, ile ya kwanza, dizeli ya 2.5, imetoka Uingereza. Na lazima itoke huko maana Korea wanaendesha upande wa kulia kama wenzetu wa Burundi, usukani uko kushoto, kwa hiyo yadi za used za Korea hazitusaidii kama za Japani zinavyotusaidia. Ndio maana Kia ni chache huku, sio kwamba ni mbovu, ni usukani tu. Watu hawaelewi hili, wanadhani gari ikiwa chache ina laana.

Kutoka Uingereza kuna balaa lake ambalo nililiunda mwenyewe. Dashibodi inasoma maili. Nilinunua naona 96,000 nikajisifu kwa watu kilomita chache, kumbe maili, fanya hesabu mwenyewe ni zaidi ya kilomita 150,000. Sawa hilo ni pesa imeshaenda. Lakini wiki ya kwanza natoka Igunga naingia Nzega, kibao cha 50, nikashusha mshale mpaka 50 kabisa nikatulia kama mtoto wa shule, tochi ikanipiga kwenye 80. Nikamwambia afande mbona mshale huu hapa uko hamsini, akachungulia ndani akaniambia "hiyo ni ya kwao huko, hapa tunapima kwa ya kwetu." Elfu thelathini ikaondoka. Siku hizi nimebandika plasta nyeupe kwenye namba 30, ndio hamsini yetu.

Nikaanza kufuatilia wenye Sorento kama yangu huko Uingereza wanasemaje. Wanaisifia chesesi, ni ya ngazi kama ya lori, inavuta trela haichoki, na injini ni ya cheni sio mkanda. Wanachokiogopa ni kimoja, vile vipete (washa) vya shaba chini ya nozo zinazopuliza dizeli. Vikichoka moshi unavuja, masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba ule mchujo chini ya sampo, injini inakosa oili na kwaheri. Nikavibadilisha vyote vinne kabla havijaniletea habari, na oili namwaga kila kilomita 5,000, mafundi wananishangaa.

Wamarekani wao wana yao. 2016 J.D. Power, kampuni ya huko inayopima ubora wa magari, waliipa Kia namba moja kwa magari mapya, ikawapita mpaka kina Lexus na Porsche. Nilifurahi kama nimeshinda mimi, halafu nikasoma kumbe wanapima siku 90 za mwanzo tu, siku 90! Gari inafika Tabora ina miaka kumi na tano. Na mwaka uliofuata tu, 2017, Kia hao hao wakaitisha magari kibao kwa ajili ya injini za petroli za Theta, vipande vya chuma vilibaki ndani wakati wa kutengeneza, njia za oili zikaziba na beringi za konrodi zikafa. Halafu likaja la wizi, zile za kuwashia funguo za 2011 mpaka 2021 nyingi hazikuwa na immobilaiza, kile kifaa kinachozuia gari isiwake bila funguo yake, watoto wakawa wanaziwasha kwa kichwa cha waya wa yuesibi na kujirekodi. Ulaya wao tangu 2007 walianza kupewa waranti ya miaka saba, nzuri sana, inaisha gari ikiwa bado haijui kama kuna mji unaitwa Tabora.

Kwangu miaka yote hii ugonjwa mkubwa umekuwa mmoja na umetokana na fundi. Gari ilichemka kidogo, paipu ilitoboka, fundi mmoja akatengeneza paipu na themostati akaitupa kabisa, akaniambia "huku kwetu joto hii haina kazi." Nikamwamini. Kumbe ndio imeanza kunywa dizeli, injini haifiki joto lake, Tabora mpaka Sikonge mshale wa temperecha umelala tu. Nimekuja kugundua baada ya miezi minne. Ya kurudishia nimeagiza Kariakoo, inakuja kwa basi, ndio hiyo "spea unapata wapi" yenu. Inapatikana. Unasubiri tu.

Yule mzee wa asali nilipomaliza kumsimulia alitulia kidogo, akagonga boneti kwa kidole, akaniambia "basi kama ni watu wa baiskeli usihangaike na Dar, mpelekee fundi wangu pale stendi." Na sura yake haikuwa ya utani.