Upande wa Kaka

Jumapili iliyopita kijana wa kaka alirudi kutoka kanisani akaketi kwenye kigoda cha jikoni, Biblia mapajani, viatu bado miguuni. Wamefika kitabu cha Ufunuo huko kwenye mafundisho yao. Alikuwa ameweka kidole katikati ya kurasa, kama mtu anayechelea mahali pake patapotea.

"Baba mdogo," akaniambia, "hawa watu walipigwa hivi vyote. Theluthi ya bahari ikawa damu, theluthi ya jua ikatiwa giza, nzige wakawatesa miezi mitano. Mbona hawakutubu?"

Nikamjibu upesi kwamba mioyo yao ilikuwa migumu.

"Kwani hawakuogopa?"

"Waliogopa."

"Sasa?"

Mama yangu alikuwa pale pale anachagua ndengu kwenye ungo. Hakuinua uso, ila mkono wake ulisimama. Nikasema naenda kuangalia ng'ombe. Nilisimama zizini mpaka giza likaingia, na nzige waliokuwa mbele ya macho yangu si wale wa Yohana wa Patmo, aliyeandika Ufunuo. Walikuwa wetu, wa mwisho wa Januari 2020.

Waliokuwa Ukambani, huku mashariki mwa Kenya, mwaka ule hawana haja ya kusimuliwa. Nzige waliingia nchini kupitia Mandera tarehe 28 Desemba 2019, na tukawa tunafuata safari yao redioni kama mtu anayefuata habari za mgonjwa: leo Wajir, leo Isiolo, leo Samburu. Walisema Kenya haikuwa imeona kundi kama hilo kwa miaka 70. Walisema pia kwamba mambo yalianza mbali, katika jangwa la Arabuni, ambako vimbunga viwili vya mwaka 2018 vilimwaga mvua mahali pasiponyesha, nzige wakazaana humo bila mtu kuwaona. Habari hiyo ilinishika. Jambo linaanzia mahali pasipo shahidi, linakua, kisha siku moja linafunika jua la watu wengine.

Kanisani kwetu pasta hakusema habari za vimbunga. Alisema tarumbeta ya tano, ile inayoleta nzige katika Ufunuo, imelia. Alihubiri Jumapili tatu mfululizo kutoka Ufunuo sura ya 9, jasho likimtoka, na sisi tukilia. Simlaumu. Alikuwa anatuita tutubu, na tulikuwa na la kutubia. Mimi hasa nilikuwa nalo.

Shamba la baba lilipogawanywa, mpaka kati yangu na kaka ulikuwa safu ya mikonge kutoka barabarani hadi korongoni. Mwaka 2014, kaka akiwa Mombasa anaendesha malori, niliing'oa safu yote nikaipanda upya hatua nane ndani ya shamba lake. Nilifanya kazi hiyo kwa siku nne, miche nikiibeba kwa wilibaro, mchana kweupe. Mama aliniona. Hakusema kitu, nami nikajiambia kwamba kunyamaza kwake ni kukubali. Kaka aliporudi mwaka 2017 kuja kulima, alisimama kwenye mikonge ile akaniuliza, "Hii ilikuwa hapa?" Nikamjibu, "Si ndipo ilipokuwa." Akaitazama kitambo, akaenda zake. Hakuuliza tena.

Kuna jingine. Mvua za mwisho wa 2019 zilipoanza, alinijia kuomba maksai wa kulimia. Nilimwambia wamechoka. Nilipomaliza kwangu nikawakodisha kwa watu wengine, kwa pesa, naye akilima kwa jembe la mkono pamoja na mkewe na huyu kijana aliyekuwa mtoto mdogo. Alimaliza kupanda wiki tatu baada yangu.

Sasa niwapeleke kwenye ile siku.

Ilikuwa kama saa kumi jioni. Nilikuwa uani napura ndengu. Kwangu zilikuwa zimekauka, nyingi nimekwisha kuvuna, zilizobaki shambani zilikuwa maganda meusi kwenye mashina makavu. Upande wa kaka zilikuwa kijani, ndiyo kwanza maganda yanajaa, nyingine bado zina ua. Kwanza niliona mbuzi wakiinua vichwa. Kisha nikaona upande wa kaskazini, juu ya kilima, kitu kama moshi, ila moshi hauna rangi ile. Ulikuwa na wekundu wa mbali, kama nyama iliyooshwa. Ulikuwa unakuja bila haraka, huku unapanda na kushuka.

Yohana anaandika kwamba sauti ya mabawa yao ilikuwa kama ya magari ya farasi wengi waendao kasi vitani. Niliyoisikia mimi haikuwa hivyo. Ilikuwa sauti ndogo iliyo nyingi, kama moto unaotembea kwenye nyasi kavu, kama mvua inayofika kwenye mahindi kabla haijakufikia wewe. Jua lilibaki mahali pake, ila mwanga wake ukawa unapepesuka chini, vivuli vidogo vidogo vikikimbia juu ya udongo, juu ya mikono yangu, juu ya gunia. Mmoja alinipiga kifuani. Nikamshika. Alikuwa na rangi ya waridi, miguu yake ina miiba, na alinisukuma kidole kwa nguvu nisiyoitegemea kwa kitu chenye uzito wa gramu mbili.

Kisha wakatua. Walitua kwenye mikonge kwanza, safu nzima, mpaka kila jani likawa limevaa nzige. Mpaka niliouchomeka kwa mikono yangu ukawa mwekundu kutoka barabarani hadi korongoni. Niliuona wote kwa mara moja, ulivyo mrefu, na ulivyopinda pale karibu na mbuyu, kwa sababu siku ya tatu nilichoka nikapinda. Sikuwahi kukiona kile kipindo kabla ya hapo.

Walishuka kwangu, wakatambaa juu ya mashina makavu, wakaruka. Walishuka kwa kaka, wakabaki.

Nami nitaliandika hili kama lilivyokuwa, kwa kuwa ndilo nililokuja kuliandika. Niliposimama pale na kuona wananipita na kutua kwake, moyo wangu ulifurahi. Haikuwa dakika nzima. Niliwaza, kwa maneno kamili, ndani ya kichwa changu: Mungu amemjua aliye wake. Nilikuwa nimesikia Jumapili tatu kwamba nzige hawana ruhusa ya kuwagusa wenye muhuri wa Mungu katika vipaji vya nyuso zao. Nikapeleka mkono kwenye paji langu.

Ndipo nikamsikia kaka. Alikuwa katikati ya ndengu zake na sufuria na mwiko, mkewe ana debe, mtoto anapuliza filimbi mpaka mashavu yamevimba. Aliniona nimesimama. Hakunitukana. Alinyoosha mwiko kuelekea kwangu, akapaza sauti, "Piga, ndugu yangu! Piga!"

Niliokota debe nikavuka mikonge. Tulipiga mpaka jua likazama. Walikuwa wakiinuka hatua tano mbele yetu na kutua hatua tano nyuma yetu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja akawa anazunguka pembeni akipiga honi. Tulichoma majani mabichi, moshi ukatuumiza sisi kuliko wao. Kiza kilipoingia walitulia kwenye miti, matawi yakainama kwa uzito, na usiku kucha tulisikia mti mmoja ukivunjika tawi baada ya tawi.

Kaka aliketi chini, palipokuwa na ndengu. Nikaketi karibu naye. Mikono yetu ilikuwa inatetemeka kwa kupiga. Hatukuwa tumeketi hivyo tangu baba azikwe. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kweli, "Unaonaje, Mungu anatupiga?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nalikumbuka, nakumbuka hata lilivyokuwa limepangika: Kaka, mimi nilihamisha mpaka. Hakukuwa na mtu mwingine. Palikuwa na giza, na giza husaidia. Nilifungua kinywa nikasema, "Tumwombe Mungu, kaka."

"Ni kweli," akasema. "Tumwombe."

Nilipoingia nyumbani mama alikuwa hajalala. Macho yake yalikwisha kuanza kufifia wakati ule.

"Wamekula upande gani?"

"Wa kaka."

Alikaa kimya kidogo. "Upi ndio wa kaka yako?"

Nilienda kulala bila kula.

Asubuhi walikaa mitini wakiota jua, mpaka kama saa nne, kisha wakainuka wote pamoja wakaelekea kusini. Kwa kaka palibaki vijiti. Wiki iyo hiyo kanisa liliitisha mkesha wa toba, nami nilikwenda mbele, nikapiga magoti, nikalia machozi ya kweli. Nilitubia dhambi za Kenya. Nilitubia ufisadi wa viongozi, damu iliyomwagika katika chaguzi, vijana na ulevi wao. Watu walinishika mabega. Kaka alikuwa nyuma yangu mstari wa pili, naye analia. Ukitubia dhambi za taifa zima, ya kwako haionekani mle ndani, kama punje moja kwenye gunia.

Yaliyofuata mnayajua. Machi makanisa yakafungwa kwa sababu ya korona. Nzige walikuwa wametaga, vizazi vingine vikaja. Ndengu zangu niliziuza kwa bei nzuri, kwa kuwa za wengine zilikuwa zimeliwa. Mwaka 2021 kaka alirudi Mombasa kwenye malori, na mkewe akamfuata baadaye. Kijana wakaniachia asome huku.

Ni katika ile miezi ya kufungiwa, Biblia ikiwa ndiyo kanisa langu, ndipo niliposoma sura ya 9 mwenyewe, polepole, bila sauti ya pasta. Mstari wa 4 ulinisimamisha. Nzige wa Yohana waliamriwa wasiyadhuru majani ya nchi, wala kitu kibichi, wala mti. Hao wetu hawakugusa kingine ila kibichi. Hawakuwa na habari na paji la mtu. Walifuata ukijani, na ukijani ule ulikuwa kwa kaka kwa sababu alichelewa kupanda, naye alichelewa kwa sababu mimi nilimnyima maksai. Basi nilichokiita hukumu ya Mungu juu yake kilikuwa, kwa sehemu, kazi ya mikono yangu. Na ndivyo mstari wa 20 unavyosema: hawakuzitubia kazi za mikono yao. Unawataja ni nani hao. Si waliouawa. Ni wanadamu waliosalia. Theluthi imekwisha kufa kwa tarumbeta ya sita, na wanaokataa kutubu ni wale ambao pigo liliwapita. Kisha mstari wa 21 unahesabu: uuaji, uchawi, uasherati, na mwisho kabisa, wivi.

Miaka yote nilikuwa nikiyasoma maneno yale kama habari za watu wabaya wa siku za mwisho, watu wenye sanamu za dhahabu. Sikudhani kwamba mtu anaweza kuokoka pigo, akashukuru, akatoa sadaka ya shukrani, na kwa kushukuru kule kule akawa ndiye anayesemwa.

Farao alipoletewa nzige alisema, "Nimekosa." Alilisema neno hilo kwa haraka, nzige wakiwa bado ndani ya nyumba yake. Upepo wa magharibi ulipowachukua hadi Bahari ya Shamu, naye akarudi alivyokuwa. Nilikuwa nikimdharau. Angalau yeye alilitamka. Na katika kitabu kile kile cha Ufunuo, sura ya 11, kuna mji unaopigwa na tetemeko, na waliosalia wanaingiwa na hofu, wanampa Mungu utukufu. Kwa hiyo inawezekana. Hofu ile ile, huku inageuza mtu, huku inapita. Sijui kinachotofautisha. Huwa nadhani ni kitu kidogo sana, pengine ni lile dirisha la giza baada ya kupiga madebe, nalo halikai wazi muda mrefu.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo zizini Jumapili. Kaka hupiga simu jioni ya siku hiyo kuongea na mwanawe, na niliporudi ndani walikuwa wanaongea.

"Nimemuuliza baba mdogo," kijana alikuwa akisema, "akaenda kwa ng'ombe." Akasikiliza, akanipa simu. "Anakutaka."

"Huko mvua imeshika?" kaka akauliza.

"Bado. Kuna mawingu."

"Mtapanda lini?"

Mama alikuwa amerudia ungo wake, lakini nilijua anasikiliza. Nikasema, "Kaka, msimu huu maksai wataanzia kwako. Nitakulimia mimi mwenyewe, kabla ya kwangu. Kijana atanifuata nyuma na mbegu."

Hakujibu mara moja. Nyuma yake nilisikia lori likirudi kinyumenyume, mtu anapaza sauti kumwelekeza dereva.

"Kwangu," akasema.

"Ndiyo. Kwako."

"Haya."

Lakini hakukata simu. Alibaki kwenye laini, nasikia pumzi yake, kama mtu aliyezoea kusubiri mizigo ipakuliwe. Kijana alikuwa amefungua tena Biblia yake pale kwenye kidole. Nami nilikuwa nimesimama na simu sikioni, natazama kupitia mlangoni mikonge ikizama gizani, kile kipindo cha karibu na mbuyu cha mwisho kupotea.

"Kaka," nikasema.

"Nipo."