Mirabaraba ya mnara wa Saint-Germain-de-Livet imefunga

Imefunga! Natengeneza modeli ndogo ya kasri la Saint-Germain-de-Livet, na mirabaraba yake ya mawe na matofali ya kadibodi imeanzia ukuta wa kushoto, ikauzunguka mnara wa pembeni, ikakutana na ukuta wa kulia jiwe kwa tofali, bila jiwe kulala ubavuni mwa jiwe. Nimeumulika mnara kwa tochi kila upande nikitafuta kasoro, sijaiona. Mradi ulikwama hapa hadi nikawa naufunika kwa gazeti nisiuone.

Wanaoijua nyumba hii wanaelewa. Iko Normandy, bonde la mto Touques, kusini mwa Lisieux. Upande mmoja ni wa mbao na plasta, wa karne ya 15. Upande wa pili ulijengwa na familia ya Tournebu kati ya 1561 na 1588, na ndio unaonitoa jasho: mawe meupe na matofali yamepangwa kama ubao wa drafti, na baadhi ya matofali yana ngozi ya kijani inayong'aa, kazi ya wafinyanzi wa kijiji cha Le Pré-d'Auge. Yote hiyo imezungukwa na handaki la maji, na lango lina minara miwili. Vita vya kidini vya Ufaransa vilianza 1562, kwa hiyo watu hawa walikuwa wakijenga huku nchi inawaka moto, na bado wakataka ukuta mzuri namna hii. Naipenda sana jeuri hiyo.

Sasa tatizo. Kiini cha mnara wangu ni bomba la PVC la milimita 50. Robo tatu ya mzunguko ndiyo inayoonekana, robo iliyobaki imemezwa na nyumba. Kwa mraba wa milimita 5, robo tatu hiyo inatoa miraba 23 na kipande. Ukibandika kadibodi ya milimita 1, kipenyo kinakuwa 52, mzunguko unaongezeka zaidi ya milimita 6, na sasa unapata miraba 24 na nusu. Nusu mraba! Kwenye ukuta wa kawaida ungeificha pembeni, lakini hapa kila mstari unarithi kosa la mstari wa chini yake, na pale mnara unaposhikana na ukuta wa kulia unabaki na mshono mbaya kutoka majini hadi paani.

Dawa ilikuwa kuuacha mraba wa 5 na kuanza na hesabu ya miraba. Lazima iwe shufwa: ukianza na jiwe unamaliza na tofali, na ukuta wa kulia unaanza na jiwe. Nikachukua 24, kila mmoja milimita 5.1. Hiyo sehemu ya kumi ya milimita haionekani, inapotelea kwenye mistari ya chokaa. Halafu kila kipande nikakikunja kwanza kwenye mpini wa brashi kabla ya kukibandika, maana kadibodi bapa inaufanya mnara uwe na pembe pembe. Fundi mwashi wa kweli huchonga jiwe la duara likiwa pana nje na jembamba ndani. Mimi nina kadibodi na subira.

Kuhusu vifaa: gundi nyeupe ya mbao, basi. Gundi ya papo hapo inakauka kabla hujasogeza kipande, na inaacha doa linalokataa rangi. Wanaonishauri nichape mnara mzima kwa printa ya 3D, asanteni, lakini ukuta huu ulijengwa kipande kwa kipande na nataka mikono yangu ijue hivyo. Kwa ule mng'ao wa kijani, rangi zote za mifano nilizonunua zilikuwa butu. Kilichoshinda ni rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kijani cha maji, tone moja kwa ncha ya kijiti. Ile ya asili ni glezi, yaani ngozi ya kioo ya kauri, ya madini ya risasi iliyotiwa shaba. Ukiangalia picha utaona haifanani tofali kwa tofali, kwa hiyo nami nachanganya vijani vitatu.

Kilichokuwa kinafuata ni upande wa uani. Kitangoja. Wafinyanzi walewale wa Pré-d'Auge walijulikana pia kwa mapambo marefu ya kauri ya kusimikwa kwenye ncha za mapaa, na tangu jana nimekaa na shanga, waya na ile chupa ya rangi ya kucha. La kwanza limekauka, limepinda kidogo kushoto. Nalivunja, naanza jingine.