Alhamisi ya watoto wa diskasi: siku yangu moja hapa Lamu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimetoka kuswali, hata kofia sijavua, naenda moja kwa moja kwa tangi la samaki wangu wa diskasi. Mayai walitaga Jumamosi magharibi, Jumanne alfajiri yakatotoka, kama saa 60 hivi, na tangu hapo watoto wamening'inia kwenye chungu wanatikisa mikia tu, ukiangalia kwa mbali utadhani ni ukungu. Leo ndio siku yao ya kuachia. Bado wako. Alhamdulillahi.

Mimi ni fundi wa kanzu, cherehani iko ukumbini na tangi liko ubavuni mwake, kwa hivyo nikikanyaga mashine jicho moja liko kwa samaki siku nzima. Hawa diskasi asili yao Amazon huko Amerika Kusini, mviringo kama sahani ukiwatizama ubavuni. Nilinunua 6 Mombasa wakiwa wadogo, nikaja nao kwa basi mpaka Mokowe halafu boti, ndoo nimeipakata njia nzima.

Saa moja asubuhi nawalisha wale wanne wa tangi kubwa, moyo wa ng'ombe uliosagwa na kamba. Hapa ndio unaona ukubwa na udogo wao. Yule mkubwa anakula kwanza, akishasogea ndio wengine wanakuja, na mdogo kabisa anasubiri pembeni amejikunja mpaka aone nafasi. Watu wananiuliza mbona usiweke wawili tu upunguze gharama, nawaambia wawili ambao hawajachaguana ni mateso, mmoja atapigwa kila siku hadi aache kula, lakini wakiwa 6 na zaidi zile ngumi zinagawanyika hakuna anayeumia sana. Na mke na mume huwezi kuwachagua wewe, wanachaguana wenyewe. Hawa wangu nilijua siku waliposhika kona moja wakawa wanafukuza kila anayekaribia, kisha wanainamiana vichwa, wanatetemeka mwili mzima, wanasafisha bomba la filta kwa midomo kama wanaosugua sufuria. Ndio nikawahamishia tangi lao, sakafu tupu bila mchanga, chungu cha udongo nimekipindua katikati.

Saa tatu wateja wameanza. Alhamisi hapa kila mtu anataka kanzu yake ya Ijumaa na wote wanataka leo. Mzee mmoja amekaa kusubiri kupimwa mabega akanyanyuka mpaka kwenye kioo, "Mwanangu hawa mbona wameiva weusi, si wagonjwa hawa?" Nikamwambia hapana baba, diskasi mgonjwa au mwenye hofu huwa mweusi kweli, lakini huyo anajificha na hali chakula, hawa wamesimama mbele ya wana wao mapezi yamesimama, weusi wao ni wa ulezi, na mtoto aliyeanza kuogelea anafuata kitu cheusi. Akauliza yupi mume. Kwa macho ni shida kujua, mpaka wakati wa kutaga ndio kile kimrija cha chini kinatokeza, cha jike kipana na butu, cha dume chembamba kimechongoka. Niliwahi kuwa na majike mawili yaliyojifanya mke na mume kabisa, wakataga, wakapepea mayai usiku na mchana, yote yakawa meupe kama chaki. Iliniuma.

Saa tano nabadilisha maji kidogo, taratibu, kwa mpira mwembamba. Maji ndio kilichonifundisha adabu. Ya kisima hapa ni magumu, samaki wakubwa wanayazoea lakini kwenye maji magumu mayai hayashiki mbegu vizuri, kwa hivyo nakinga mvua ya masika na kuchanganya. Mara ya kwanza nilikinga kwenye birika la zamani la nyumba, lile ambalo wazee wetu huweka visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, nikasahau kuwa limepakwa chokaa na chokaa inayageuza maji kuwa magumu tena. Sasa nakinga bati la jirani, pipa la plastiki. Thamometa 29, sawa.

Saa saba kasorobo nimeinamia kola ya mtu nasikia mama anaita kwa Kiamu chetu (ndoo ni njoo), "Ndoo, mwanangu, ndoo utizame, wana wamla mama yao!"

Nimeacha cherehani na uzi unaning'inia. Wameachia chungu wote, kama mia na kitu, wamejaa ubavuni mwa mama yao wanadonoa. Hawamli, wanakula ute wa ngozi yake, wazazi wote wawili wanautoa, ndio maziwa yao. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth kule Uingereza walitoa utafiti wao kwamba ute huo wakati wa kuzaa unaongezeka protini na kingamwili, na kwamba kama wiki ya tatu wazazi wanaanza kuwakwepa watoto kidogo kidogo, yaani wanawaachisha kunyonya. Mama yangu akasema subhanallah akavuta kiti akakaa hapo mpaka alasiri.

Saa tisa stima ikapotea. Pampu ya hewa nina ya betri, nimefunika tangi kwa blanketi maji yasipoe, kioo cha mbele tu wazi, na baada ya robo tatu ya saa ikarudi.

Mara mbili zilizopita hawa wazazi waliwala wana wao. Ya kwanza mayai, usiku ule ule, ya pili dume aliwameza watoto siku ya nne nikataka hata kumtenganisha na mkewe. Kuna wanaosema toa mayai ulee mwenyewe. Mimi sikukubali, wazazi wachanga wanakosea mwanzo wakizoea wanaacha, na nikijiangalia mimi ndiye niliyekuwa namulika tochi ya simu kila baada ya saa mbili usiku kuhesabu. Safari hii sikumulika, nimeacha taa moja hafifu inawaka usiku kucha basi.

Saa kumi na mbili nimekwenda forodhani na kidumu kuteka maji ya bahari, ya kuangulia mayai ya atemia, vile vidudu vidogo vya jamii ya kamba, maana baada ya siku nne tano watoto watahitaji chakula kidogo juu ya ute.

Saa tatu usiku, kanzu mbili zimebaki. Mama samaki amechoka, amejitikisa mara moja kwa nguvu akachomoka, watoto wamebaki katikati ya maji hawana pa kushika, nimeshikilia mkasi sipumui. Baba akasogea polepole akasimama kando yao ubavu wazi, na mmoja akamwendea, kisha watatu, kisha wote.